Bomba la Saba

Jumatatu, 15 Julai

Mrija wa sampuli wa arobaini na moja leo. Tope la mita sabini na mbili chini ya sakafu ya bahari, na bado ni laini. Nilizungusha kipimo cha ugumu mara tatu. Mara zote tatu namba ile ile, ndogo.

Maabara inanuka mayai viza tangu Ijumaa. Feni imekufa. Barua ya feni nimeandika mara nne mwaka huu. Jibu: bajeti. Fedha ya kuchoronga kisima cha gesi chenye mita elfu moja na mia tatu za maji juu yake ipo. Fedha ya feni haipo.

Imebaki mirija minane. Tope la rangi ya mlenda. Mikono inanuka hata baada ya ndimu. Mama amenikataza nisimsongee ugali.

Jumanne, 16 Julai

Nimemaliza. Sikupenda nilichokiona, nikapiga hesabu upya. Jibu lile lile.

Nijiandikie hapa kwa utulivu, maana ofisini hakuna anayesikiliza hadi mwisho. Bomba la kwanza ndilo linalobeba kisima kizima. Upana wake mwanamke mwembamba anapita ndani. Haliegemei mwamba. Halipigwi nyundo. Maji yanapulizwa kwa ndani, tope linalegea, bomba linashuka kwa uzito wake. Kisha unaliacha litulie ili tope lilishike ubavuni. Mshiko huo tu. Juu yake kinakuja kichwa cha kisima, na bomba la pili la mita mia sita. Mshiko ukizidi mzigo, salama. Mzigo ukizidi mshiko, kichwa cha kisima kinazama topeni na kisima kimekufa kabla hakijazaliwa.

Kipande kimoja cha bomba ni mita kumi na mbili. Vipande sita: mshiko tani 150, mzigo tani 168. Kinazama. Vipande saba: mshiko tani 204, mzigo tani 177. Kinasimama. Kila unavyoshuka bomba linakuwa refu na tope linakuwa gumu, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana kipande cha saba peke yake kinashika kuliko cha kwanza, cha pili na cha tatu vikijumlishwa. Hii si siasa. Ni kuzidisha.

Kwa hiyo saba.

Sasa uchafu wangu. Kisima cha kwanza chini ya Mhandisi Chande wa idara ya uchorongaji niliandika sita. Akakata, tano. Hakuuliza. Bomba likazama sentimita arobaini likasimama kwa rehema za Mungu. Aliyeulizwa ni mimi: "Bi Somoe, kipimo chako kilikuwaje?" Kisima cha pili jibu lilikuwa sita, nikaandika saba. Akakata, sita. Sawasawa kabisa. Cha tatu vilevile. Yeye akasifiwa kwa kuokoa mabomba. Mimi nikalala vizuri. Mtoto wa muuza mihogo wa soko la Lindi, nilijua tangu nina miaka sita kwamba bei ya kwanza ni ya kupigwa.

Kwa desturi hiyo sasa niandike nane. Siwezi. Yadi ina vipande saba vizima, cha nane kimebonyea. Nikiandika nane wataagiza nje, siku arobaini meli ya kuchoronga inasubiri, na kila mtu atataka kuona hesabu ya nane. Hesabu ya nane sina.

Nimeandika saba. Saba ya kweli. Nimeweka sahihi.

Alhamisi, 18 Julai

Jibu la Chande limefika saa nne asubuhi. Mstari mmoja. "Vipande sita, kama kawaida. Ahsante kwa kazi nzuri."

Kazi nzuri!

Nimevunja penseli mbili. Ya kwanza kwa hasira. Ya pili ilikuwa mbovu tu.

Ijumaa, 19 Julai

Nilikwenda ofisini kwake kabla ya swala. Ana miaka thelathini na sita, mimi arobaini na nne. Ana shahada mbili za ng'ambo ukutani, kwenye fremu. Mimi niliosha mirija katika maabara hii miaka minne kabla mtu hajaniruhusu kugusa kipimo. Stashahada nimeisoma jioni, mtoto mgongoni. Si kwamba namwonea wivu. Basi, namwonea kidogo.

Nilimwambia tope la huku si la kaskazini. Akacheka kwa adabu.

"Bi Somoe, wewe nakujua. Ukiona kijiko cha sukari unaandika kilo."

"Safari hii ni kilo kweli, Mhandisi."

"Na safari ile?"

 Ulimi ulikuwepo. Sababu zilikuwepo. Namba zilikuwepo, zimekunjwa kwenye pochi. Nikasema nitazipitia tena hesabu. Nikatoka.

Mwoga. Nimejiandikia hivyo ili nisisahau: mwoga.

Mabomba yanapakiwa Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Meli ya mizigo ikishaondoka na sita, hakuna wa kuirudisha kwa ajili ya kipande kimoja. Kisima kikizama, karatasi ya udongo ina sahihi moja. Yangu. Nitasema niliandika saba. Watasema hata tulipohitaji sita uliandika saba, tukuamini vipi? Na watakuwa na haki. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba watakuwa na haki.

Miaka kumi na tisa ya kazi hii. Jina langu ni hilo tu, sina jingine la akiba.

Jumamosi, 20 Julai

Yadi. Mzee Kitwana, mtunza mabomba, amepaka namba kwa rangi nyeupe, moja hadi sita. La saba kalivuta pembeni na kulifunika turubai.

Nikamwamkia. Nikamuuliza kwa nini kalifunika.

"Marahaba. Limeachwa, binti yangu. Kilichoachwa hufunikwa."

"Lisogeze karibu na kreni, mzee wangu."

"Kwa karatasi ya nani?"

"Yangu."

Akanitazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu anayelipa nauli kwa noti iliyochanika. "Yako ni ya tope, Bi Somoe. Ya chuma ni ya Mhandisi."

Nikampigia Chande. Simu imezimwa. Katibu wake anasema amewapeleka wageni wa makao makuu Kilwa, watalala Masoko, kesho wanavuka kwenda Kisiwani kutazama magofu. Atarudi Jumatatu mchana. Jumatatu mchana! Meli itakuwa imeshaondoka.

Nimemweleza mama jioni hii. Yote, pamoja na zile saba mbili za uongo. Nilitegemea anisute. Alikuwa anachambua mbaazi kwenye ungo, hakuinua hata uso.

"Ungeandika tisa," akasema.

Nilitaka kulia, nikacheka. Kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Nimetia mkobani kitabu cha vipimo. Si ripoti. Kitabu chenyewe, cha penseli, chenye madoa ya tope, ambacho hakuna mtu aliyewahi kukiona. Vipimo halisi vya visima vyote vinne vimo. Na jibu halisi la kila kimoja.

Jumapili, 21 Julai

Nimechoka, lakini nisipoandika leo kesho nitajidanganya.

Basi la alfajiri hadi Nangurukuru. Barabarani magunia ya ufuta yamepangwa kama watu wanaosubiri usafiri. Kondakta alinidai nauli ya Dar. Nikamwonyesha kwa kilomita kwamba ananidai zaidi ya mara mbili. Akasema, "Mama, wewe mwalimu wa hesabu?" Nikasema mimi ni mtu wa tope. Akanirudishia chenji haraka, nadhani aliona nimerukwa na akili.

Masoko saa tano kasoro. Pale wanapotoa kibali cha kuingia magofuni kijana wa mapokezi alitaka nilipe kama mtalii. Nikamwambia siendi kuona magofu, naenda kuona mtu. Akasema mtu huyo yuko magofuni. Nikamwambia basi mtu huyo ndiye alipe. Tukabishana robo saa. Nikalipa.

Boti ya mashine ikanivusha. Nikawakuta kwenye Msikiti Mkuu. Wageni wanne wanapiga picha kuba, mwongozaji anaeleza, na Mhandisi Chande amevaa kofia pana kama ya kuvunia asali. Aliponiona uso ulimbadilika.

"Bi Somoe! Kuna msiba?"

"Kuna bomba."

Akanivuta pembeni, kwenye ukuta uliobomoka. Nikasema kabla sijapata muda wa kujionea huruma. Nikamwambia zile saba mbili za nyuma zilikuwa sita. Nilijua ni sita. Niliziongeza kwa makusudi kwa kuwa alikata ile ya kwanza, na sahihi niliweka mimi.

Nilitegemea apige kelele. Alivua kofia.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwani nilikuwa nakata kwa nini, dada? Ile ya kwanza nilikata kwa kuwa kila fundi wa udongo niliyefanya naye kazi anaongeza moja. Kila mmoja. Nikadhani na wewe umo."

"Mimi sikuwemo!"

"Baadaye ukaingia."

 Mwaka mzima na nusu tumekuwa kama muuzaji na mnunuzi wa pweza, kila mmoja akijua bei, kila mmoja akijifanya hajui. Na kisima katikati.

"Basi na hii saba ni sita," akasema.

"Hii saba ni saba."

"Nitajuaje?"

Swali la haki. Nilikuwa nimelisafiria toka Lindi. Nikampa kitabu.

Alikaa ukutani kwa dakika arobaini. Wageni walimaliza kuba, wakamaliza makaburi, wakaanza kupiga picha mbuzi. Alipiga hesabu kwa simu yake, mwenyewe, kuanzia kipimo cha kwanza. Sikumsaidia. Mara moja alikosea akasahau kupunguza uzito unaobebwa na maji. Nilisubiri aone mwenyewe. Akaona. Nikiri kwamba ni mzuri. Shahada hazikuwa za fremu tu.

Akainua kichwa. "Nimepata sita nukta nne."

"Ndiyo. Hapo mshiko na mzigo ni sawasawa. Nani anataka sawasawa?"

"Kwa hiyo hiyo nukta nne inanidai kipande kizima."

"Bomba halipimwi kwa koroboi kama mafuta ya taa, Mhandisi."

Akacheka. Kisha akaacha. Akasema kubadili hati ya upakiaji kunahitaji sababu ya maandishi kwa makao makuu, na makao makuu wako pale wanapiga picha mbuzi. Sababu gani? Ripoti ilisema saba tangu mwanzo, yeye ndiye aliyekata. Wakiuliza kwa nini alikata, atasema kwa kuwa ripoti zangu huwa zimeongezwa. Wakiuliza ajuaje...

 Nilielewa. Kulikuwa na njia ya kusema "tumekosea namba" na kuyafunika yote, na alikuwa ananiachia niichague. Nikifunika, kisima cha tano tunarudi sokoni.

"Nipe karatasi," nikamwambia.

Niliandika hotelini, Masoko, mezani palipokuwa bado na magamba ya samaki. Ukurasa mmoja. Visima viwili, namba nilizoandika, namba za kweli, sababu. Nikaweka sahihi. Alisoma mara mbili, akaipiga picha, akaituma. Kisha akampigia Mzee Kitwana, nikasikia sauti ya mzee mpaka nje ya simu: "Si nilisema! Lile bomba lisiachwe!" Hakusema hivyo hata kidogo.

Nalala kwa shangazi, Masoko. Mgongo unauma. Sijutii. Hapana, najuta kidogo.

Jumatatu, 22 Julai

Yote saba yamepakiwa. Kitwana amenitumia picha. La saba halina namba, rangi iliisha.

Barua ya makao makuu kwangu imefika kabla sijafika Lindi. Onyo la maandishi. Kuanzia leo ripoti zangu hazitoki kwa sahihi yangu peke yake. Kuna mkaguzi Dar atakayesaini juu yangu. Miezi kumi na miwili, kisha "itaangaliwa".

Chande hakupata barua. Nimeuliza. Hakupata.

Nimesafisha kila mrija maabarani, hata ile iliyokuwa safi. Nimekasirika mpaka nimefika mwisho wa hasira, nikakuta hakuna kitu pale, nikarudi.

Alhamisi, 25 Julai

Bomba limeanza kushuka jana usiku, limefika leo saa tatu asubuhi. Saa kumi na moja jumla. Mita themanini na nne, kasoro moja na nusu ya kichwa kilichobaki juu ya tope kama inavyotakiwa. Taarifa inasema walipuliza maji kwa nguvu kuliko nilivyoandika kwa mita kumi za mwisho. Bila shaka. Mimi naandika, wao wanapuliza. Maji yakizidi yanachimba tope pembeni ya bomba, na tope lililochimbwa halishiki kitu.

Niliandika lipumzike saa sabini na mbili kabla ya mzigo. Tope nalo linataka muda wa kushika. Nimesisitiza kwa mstari chini.

Ijumaa, 26 Julai

Wamekata saa.

Meli ni ghali kwa saa, wanasema. Arobaini na nane zinatosha, wanasema. Nani kasema? Hakuna jina. Kwa hesabu yangu, saa arobaini na nane na maji yaliyozidi, mshiko si 204 tena. Ni kama 185. Mzigo 177. Tani nane za kusimamia kisima kizima. Uzito wa lori la mchanga.

Nikapiga vilevile kwa vipande sita, kwa kujitesa. Mshiko 136. Mzigo 168. Kesho kingekuwa kinazama.

Chande alinipigia mwenyewe, mara ya kwanza maishani. Amebishana nao akashindwa. "Nimewaambia saa ni saa, si za kukata. Wakaniambia kila mtu anaongeza."  

Wanaanza kuteremsha bomba la pili leo. Mzigo wote utakaa kesho asubuhi.

Jumamosi, 27 Julai

Sikuwa na kazi ofisini. Nikaenda.

Kitwana alikuja kukaa mlangoni, akala mihogo yangu yote. Tulisubiri. Saa tatu hakuna. Saa nne hakuna. Kitwana akasema kimya ni habari njema. Nikamwambia kimya ni kimya. Saa tano kasoro dakika kumi Chande akanisomea taarifa kwa simu neno kwa neno, kama karani mahakamani: mzigo wote umekaa. Kichwa cha kisima kimeshuka sentimita tatu. Kimesimama. Wamekitazama kwa kamera saa nzima. Hakijatikisika.

Sentimita tatu.

Kitwana akauliza, "Ndiyo nzuri au mbaya?" Nikamwonyesha kwa vidole. Akasema, "Aa, hiyo si hata pingili ya muwa." Akaondoka kutafuta chai.

Nilifunga mlango nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nililia kidogo, si sana. Taarifa ya meli imeandika: kina cha bomba kimepangwa na idara ya uchorongaji.

Jumanne, 6 Agosti

Mirija ya kisima kinachofuata ilifika wiki iliyopita, thelathini na nane. Tope zuri, gumu mapema. Nimemaliza jana. Vipande vitano, na nafasi ya kutosha juu yake. Nikaandika vitano. Nikaambatanisha kurasa za kitabu, zote, pamoja na madoa.

Mkaguzi wa Dar amepiga simu leo saa nane. Mwanamke, sauti ya mtu mzima, sijawahi kumwona. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na namba tatu za kumjibu akikata, na mbili za kumjibu akiongeza, kwenye karatasi, mbele yangu.

"Bi Somoe, nimepiga hesabu zako. Tano."

"Ndiyo. Tano."

"Haya. Nimesaini."

Akakata simu.

Nilibaki na karatasi mkononi. Saa nane na dakika tano, na kazi ya siku imekwisha. Nikafungua dirisha. Nikanawa mikono. Nikaenda nyumbani Rasbura mapema, jua bado kali, mama akaniuliza kama nimefukuzwa. Nikamwambia hapana. Nikakaa naye kubangua karanga hadi magharibi.